Je, Wajua? Taa ya Ukungu Nayo Ina Adabu Yake

Je, wajua ya kwamba huko Ujerumani, ambako katika majira ya kupukutika majani ukungu hushuka ukaifunika barabara hata dereva asilione gari lililo mbele yake, sharia haimruhusu mtu kuwasha ile taa nyekundu kali ya nyuma ila ukungu ukimzuia kuona kupita mita 50, na hapo haimpasi kuzidisha mwendo wa kilomita 50 kwa saa? Wala hana haja ya kukisia masafa hayo, maana zile nguzo fupi nyeupe zilizosimikwa kandokando ya njia za nje ya miji aghalabu huwa na nafasi ya mita 50 baina ya moja na nyingine. Akifika penye moja asiione ya pili, ruhusa anayo.

Uingereza kipimo ni takriban mita 100, na ukungu ukiondoka ni faradhi kuizima. Nami naiona kuwa ni kanuni ya insafu kabisa, kwa kuwa taa hiyo humtia kiwi cha macho ajaye nyuma, tena huweza kuifunika taa ya breki, hata mwenzio asitambue kwamba unasimama.