Bakteria Hana Ulimi: Namna ya Kutengeneza Pilipili ya Chupa Bila Kuhatarisha Maisha

Katika makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, Turkana, Kenya, kila nyumba ina pilipili yake. Mkongomani huisaga na kitunguu saumu akaizamisha kwenye mafuta. Mwethiopia huchanganya berbere mpaka apate awaze, Msudani Kusini ana shata, Msomali ana basbaas ya kijani. Tangu wakimbizi wa kwanza wapokewe hapa mwaka 2016, kilomita chache kutoka kambi ya Kakuma, majirani wamekuwa wakionjana vyungu, na maharagwe ya kila siku yamepata wa kuyachangamsha.

Hebu tuitazame chupa moja kwa karibu. Ni chupa ya maji iliyotumika tena. Ndani mna pilipili mbichi na saumu iliyopondwa, na juu mafuta yamefunika vidole viwili. Imekaa dirishani chini ya bati, saa nane mchana, joto nyuzi 37. Haina ukungu wala harufu mbaya. Ukiuliza kama haitaharibika, utajibiwa kwa kicheko: pilipili kali namna hii, mdudu gani atathubutu kuingia?

Yupo anayethubutu. Ukali wa pilipili unatokana na kapsaisini, kemikali inayojibandika kwenye kipokezi cha neva kiitwacho TRPV1. Kazi ya kipokezi hicho ni kuuarifu ubongo kwamba mwili unaungua. David Julius wa Marekani, aliyekitambua kwa kutumia kapsaisini hiyohiyo, alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Kwa hiyo moto wa pilipili ni taarifa tu ya neva. Bakteria hana ulimi wala neva, na kapsaisini iliyomo kwenye pilipili ya kawaida haitoshi kumzuia.

Wa kuogopwa hapa ni Clostridium botulinum. Huishi udongoni, na saumu hutoka udongoni. Mambo yakiwa magumu hujifunga ndani ya spora, ganda gumu linalostahimili maji yanayochemka. Kuziua spora hizo kunahitaji nyuzi 121, joto linalopatikana kwenye sufuria ya presha. Kalobeyei, takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 98 hivi. Zaidi ya hayo, bakteria huyu haipendi oksijeni. Mafuta yanapoifunika saumu, yanamjengea nyumba isiyo na hewa, na humo hutoa sumu inayopooza misuli.

Yameshatokea. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu zaidi ya 30 waliugua kutokana na saumu ya mafuta iliyowekwa mkahawani nje ya friji. Na Kenya nayo imo: mwaka 1980 jarida la tiba la BMJ liliripoti vifo vya watu waliokula kumbikumbi waliokuwa wamefungiwa katika mfuko wa plastiki.

Kinga ni uchachu. Wanasayansi huupima kwa kipimo cha pH: namba ikishuka, uchachu umepanda. Chini ya 4.6 bakteria huyu hawezi kukua. Pilipili mbichi huwa kati ya 5 na 6. Siki ya asilimia 5, vinega kama wengi dukani wanavyoiita, iko karibu 2.4. Basi kipimo chake ni rahisi: siki isipungue uzito wa pilipili, kitunguu na saumu vyote kwa pamoja. Usiye na mizani, pima kikombe kwa kikombe. Soma lebo uhakikishe ni asilimia 5, na usiizimue kwa maji. Ukwaju na limau ongeza kwa ladha, ila usivitegemee, maana uchachu wake hubadilika.

Osha kila kitu kwa maji safi, saga, kisha chemsha pamoja na siki kwa dakika 10 ukikoroga. Pikia nje, mvuke wake unachoma macho. Epuka sufuria ya alumini, siki huila. Mimina ingali moto kwenye chupa ndogo za kioo zilizochemshwa, funika, andika tarehe. Ukiona ukungu, mwaga yote: ukungu hula asidi na kumfungulia mlango yule tuliyemfukuza.

Kuchachusha kwa chumvi, gramu 20 hadi 30 kwa kilo, ni njia nyingine. Waturkana wanaijua kanuni yake kupitia ngakibuk, maziwa yao ya mgando: bakteria wema hutoa asidi na kuwazuia wabaya. Lakini joto la hapa huweza kuozesha pilipili kabla haijachacha vizuri. Bila karatasi za kupimia pH, kaa na siki.

Mtu akianza kuona vitu viwiliviwili, kope zikalegea, ulimi ukawa mzito au kumeza kukamshinda, mkimbize hospitali. Mara nyingi dalili huanza saa 12 hadi 36 baada ya kula, na dawa ya kuizuia sumu hufaa zaidi ikiwahi.

Na ile ya mafuta? Si lazima iachwe. Isagwe ya kutosha mlo mmoja, iliwe, bakuli lioshwe. Katika makazi ambako jirani hubisha hodi sufuria ikiwa bado jikoni, kuimaliza si kazi.