Ng'ombe wa nyama Kyela: Hesabu majani ya Aprili kabla ya kununua



Kamati nyingi za parokia zinapoandika mradi wa mifugo huanza na swali hili: tuombe ng'ombe wangapi? Kwa Kyela na vijiji vya ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa tunashauri kuanza na swali jingine: mwezi wa Aprili ng'ombe hao watakula wapi? Mradi usiokuwa na jibu la swali hili huwa hatarini kabla ng'ombe wa kwanza hajafika.

Kyela si Kongwa

Katika ranchi za maeneo makavu, kama Kongwa mkoani Dodoma, miezi migumu ni ya kiangazi, majani yanapokauka na maji kupungua. Kyela ni tofauti. Mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka na sehemu kubwa ya wilaya ni tambarare. Kuanzia Machi hadi Mei mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hujaa na mara nyingi hufurika. Wakati huo huo mpunga uko shambani, na kakao na michikichi vimechukua sehemu kubwa ya ardhi ya juu. Majani yapo mengi, ila mengine yako chini ya maji na mengine yako katika shamba la jirani. Ng'ombe akiingia kwenye mpunga wa mtu, ugomvi hufika kwenye baraza la kijiji, na familia zinazosali pamoja huacha kusalimiana.

Wazee wa Kinyakyusa walilijua jambo hili. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku pamoja na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938, alieleza jinsi ng'ombe walivyolazwa ndani ya nyumba na kutunzwa kwa karibu. Ng'ombe walikuwa mahari na heshima ya ukoo. Siku hizi ardhi imebana zaidi, hivyo utunzaji wa karibu unahitajika zaidi.

Hesabu ya malisho

Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji kiasi cha kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Ng'ombe kumi kwa siku 90 za mafuriko watahitaji kilo 5,400. Baada ya mavuno, mabua ya mpunga huwa na uzito unaokaribia ule wa mpunga wenyewe. Shamba likitoa kilo 1,000 za mpunga kwa ekari, mabua ya ekari tano na nusu yatatosha kwa uzito. Kwa hiyo mabua yasichomwe moto. Yakaushwe, yafungwe na kuwekwa kwenye dari au kichanja chini ya paa.

Mabua peke yake hayanenepeshi. Yaongezewe pumba za mpunga, mashudu na majani mabichi. Mabingobingo yapandwe kwenye kingo na sehemu zisizofikiwa na mafuriko. Kama hesabu inaonyesha chakula cha ng'ombe sita tu, mradi uwe wa ng'ombe sita.

Afya: kupe na konokono

Adui wa kwanza ni ndigana kali, inayoenezwa na kupe. Dalili zake ni homa, kuvimba tezi chini ya masikio, kukohoa na kuhema kwa shida. Dawa ya tiba husaidia ikitolewa mapema. Mnyama akishaanza kutoa povu puani mara nyingi huwa amechelewa. Kinga ni kuogesha au kunyunyizia dawa kila wiki, na kukagua ndani ya masikio ambako kupe hawa hupenda kukaa. Wafugaji wote wa kijiji waogeshe pamoja. Mmoja akiacha, kupe wa ng'ombe wake hupanda wa wenzake.

Ipo pia chanjo ya ndigana kali, na kituo kinachoitengeneza kipo Lilongwe, nchi jirani ya Malawi. Hutolewa mara moja pamoja na sindano ya antibiotiki. Hutunzwa katika baridi kali sana, na ikishayeyushwa lazima itumike ndani ya saa chache. Mfugaji mmoja hawezi kuileta peke yake. Hapa kamati ina kazi muhimu: kuorodhesha ndama, kukusanya michango na kumwita mtaalamu kwa siku moja. Ng'ombe aliyechanjwa bado aogeshwe, kwa kuwa kupe huleta magonjwa mengine.

Adui wa pili ni minyoo ya ini, ambayo hukua ndani ya konokono wa majini. Ng'ombe huipata anapokula majani ya kwenye madimbwi. Hukonda, huvimba chini ya taya, na akichinjwa maini yake hutupwa. Si kila dawa ya minyoo huiua; afisa mifugo aulizwe ipi inafaa na itolewe lini.

Kuuza kabla ya masika

Mpunga ukishavunwa, kuanzia Juni, ng'ombe hula masalia shambani kwa makubaliano na wenye mashamba, nao huacha mbolea. Kufikia Novemba huwa wamenenepa, na Krismasi huongeza wanunuzi wa nyama. Huo ndio wakati wa kuuza maksai waliokomaa na majike yasiyozaa. Anayesubiri hadi Aprili huwa na ng'ombe waliokonda na shida ya fedha, na mnunuzi hupanga bei anavyotaka.

Mjue uzito kabla ya kwenda mnadani. Pasipo mizani, tepu ya kupimia kifua hutoa makisio mazuri kuliko macho ya dalali. Kibali cha kusafirisha mifugo kipatikane kwanza. Ng'ombe wasivushwe Songwe kwa njia za panya, kwani homa ya mapafu na ugonjwa wa miguu na midomo vinaweza kuvuka pamoja nao.

Kwa kamati na wafadhili

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila ng'ombe awe na ukurasa wake: tarehe ya kuogeshwa, chanjo, uzito, bei. Kwa wafadhili tunasema wazi: picha ya ng'ombe akikabidhiwa kwa mjane inapendeza, lakini dawa ya kupe ya mwaka mzima ndiyo inayomfanya ng'ombe huyo awepo mwaka unaofuata. Tunaomba kila bajeti iweke kwanza dawa, chanjo na kichanja cha mabua, kisha kinachobaki kinunue ng'ombe. Wakiwa wachache na hai, mjane atapata ndama wa kumkabidhi jirani yake.