Diski Halali, Deki Inakataa

Mwezi Oktoba 2007, wapenzi wa filamu nchini Marekani walinunua diski mbili mpya za Blu-ray kutoka studio ya Fox: Fantastic Four: Rise of the Silver Surfer na The Day After Tomorrow. Diski zilikuwa za dukani, hazina mkwaruzo hata mmoja, na deki zao zilikuwa zikicheza filamu nyingine bila shida. Hizi mbili zikagoma kwenye baadhi ya deki za Samsung na LG. Zilibeba kinga mpya dhidi ya kunakili iitwayo BD+, na programu iliyomo ndani ya deki hizo haikuweza kuipokea sawasawa. Wenye deki wakabaki kusubiri kampuni zitoe sasisho.

Kwenye vibanda vya mafundi wetu kisa cha namna hii huishia kwenye lenzi. Mteja anasema deki inasoma diski moja na kukataa nyingine. Fundi mwenye haraka anafungua kifuniko, anabadilisha lenzi, anapokea fedha yake, na ile diski bado haichezi. Hasara hiyo inaepukika kabisa, ilimradi mtu ajue kwamba kwenye deki ya Blu-ray sasisho lina kazi mbili. Linarekebisha hitilafu, ndiyo, lakini pia linahuisha kibali cha deki kucheza diski ambazo umekwisha kuzilipia.

Zama za VCD hapakuwa na jambo kama hilo, maana VCD haikuwa na kufuli lolote. DVD, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1996, ilipewa kinga ya CSS yenye ufunguo wa biti 40, mfupi hata kwa viwango vya wakati ule. Kila mtengenezaji alipewa funguo zake, na deki ilibaki na funguo zilezile tangu inatoka kiwandani hadi inatupwa. Mwaka 1999 ikagundulika kwamba programu moja ya kuchezea DVD kwenye kompyuta, ya kampuni ya Xing, ilikuwa imeacha ufunguo wake bila kuuficha vizuri. Hapo ikazaliwa DeCSS, programu ndogo iliyoweza kufungua DVD za filamu. Jon Lech Johansen, kijana wa Norwei aliyekuwa na miaka 15 wakati huo, alishtakiwa kwa kushiriki kuitengeneza. Mwaka 2003 aliachiwa huru na mahakama ya Oslo, na baadaye mwaka huohuo na mahakama ya rufaa. Studio zikabaki mikono mitupu. Deki zilikuwa tayari sebuleni mwa watu dunia nzima na hapakuwa na njia ya kuzibadilishia funguo.

Waliobuni kinga ya Blu-ray waliazimia yasiwakute tena. Kampuni nane ziliungana, zikiwemo Sony, Panasonic, Intel, Disney na Warner Bros., zikaunda mfumo wa AACS, na sharti lao kuu likawa kwamba kinga iweze kujijenga upya kila inapovunjwa.

Mfumo huo unafanya kazi hivi. Filamu kwenye diski imefungwa kwa ufunguo wa siri wa biti 128, na ufunguo huo haukuandikwa popote waziwazi. Deki inaukokotoa kwa kukutanisha vitu viwili: seti ya funguo iliyowekwa ndani yake kiwandani, na jedwali refu lililoandikwa kwenye diski yenyewe, ambalo wataalamu huliita MKB. Jedwali limepangwa kwa hesabu za mti wenye matawi, na kila deki ina jani lake. Deki halali ikifuata matawi yake inafika kwenye ufunguo. Ikitokea siri za deki au programu fulani zimevuja, diski zitakazochapishwa baada ya hapo hubeba jedwali jipya linaloliruka jani lile. Ni sawa na mwenye nyumba ya wapangaji anayebadilisha kitasa cha geti na kugawa funguo kwa vyumba vyote isipokuwa kimoja. Diski za zamani zinaendelea kufunguka, ila kila diski mpya inamkataa aliyeondolewa.

Hayo yalitokea kweli. Mwanzoni mwa 2007 wadukuzi walichota funguo kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta zilizokuwa zikiendesha WinDVD, programu ya kampuni ya Corel. Aprili mwaka huo Corel ikawataka wateja wake wote wapakue toleo jipya, la sivyo programu itaacha kucheza Blu-ray na mpinzani wake wa siku zile, HD DVD. Mwezi uliofuata diski zenye jedwali jipya zikaingia madukani. Wateja ambao hawakudukua chochote walilazimika kusasisha au kubaki na programu isiyocheza.

Hapa pana jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulichanganya. Deki ya mezani ina funguo zake peke yake, kwa hiyo kufutwa kwa programu ya kompyuta au deki ya jirani hakuigusi. Ukiona deki ya mezani inakataa diski mpya, usikimbilie kusema funguo zimeisha muda. Mara nyingi mchawi ni BD+ au menyu.

BD+ ilibuniwa na kampuni ya Cryptography Research ya Marekani, iliyoongozwa na Paul Kocher. Chini ya mfumo huo diski huja na programu yake ndogo, na deki huiendesha filamu inapoanza. Programu hiyo huikagua deki kuona kama imechezewa, kisha hunyoosha sehemu za picha zilizovurugwa kwa makusudi kiwandani. Maana yake ni kwamba kila filamu inaweza kuja na maagizo ambayo deki haijawahi kukutana nayo. Mtengenezaji wa deki akikosea kidogo katika kutekeleza masharti ya BD+, kosa linaweza kulala miaka mitatu hadi itoke filamu itakayoliamsha. Filamu ya Avatar ilipotoka kwenye Blu-ray Aprili 2010, malalamiko ya 2007 yalirudi upya, na kampuni zikakimbizana kutoa masasisho. Menyu nazo mara nyingi ni programu kamili zilizoandikwa kwa Java, na deki za mwanzo kabisa hazikuwa na nguvu wala kumbukumbu ya kutosha kuziendesha zote.

Lipo pia sasisho linaloipunguzia deki uwezo, na ningependa kila mnunuzi alijue. Cinavia ni alama iliyofichwa ndani ya sauti ya filamu, iliyobuniwa na kampuni ya Verance. Sikio haliisikii, lakini inabaki hata sauti ikirekodiwa kwa kipaza sauti ndani ya ukumbi wa sinema. Deki ikiitambua kwenye nakala isiyoruhusiwa, filamu inaanza vizuri, halafu baada ya dakika kadhaa sauti inakatika na ujumbe unatokea kwenye skrini. Tangu Februari 2012 kila deki mpya ya Blu-ray inatakiwa kuitambua Cinavia. Mashine ya michezo ya PlayStation 3 ilikuwa imekwisha kupata uwezo huo kabla ya hapo, kupitia sasisho la mwaka 2009, ikiwa tayari majumbani mwa watu. Siitetei biashara ya nakala za wizi, kwa sababu imewaumiza sana watengenezaji wa filamu wa Dar es Salaam na Nairobi. Ninachopinga ni mashine kubadilishwa tabia baada ya kuuzwa, bila mwenye mashine kuambiwa kwa lugha anayoielewa.

Yapo matatizo mawili yanayofanana na ya sasisho lakini hayatibiwi nalo. La kwanza ni kanda, yaani sehemu ya dunia ambayo diski na deki zimepangiwa. Kwa DVD, Tanzania na Kenya ziko kanda ya 5 pamoja na India na Urusi. Uingereza na Omani ziko kanda ya 2, Marekani kanda ya 1. DVD aliyokutumia ndugu yako kutoka Muscat inaweza kukataliwa na deki ya kanda ya 5 hata ukiisasisha kila wiki. Blu-ray ina kanda tatu tu, na sisi tumewekwa kanda B pamoja na Ulaya, hivyo Blu-ray ya London inacheza. La pili ni tundu la njano la picha. Masharti ya AACS yalipiga marufuku deki zilizotengenezwa baada ya 2013 kutoa picha ya Blu-ray kwa njia ya analogi. Kama TV yako haina HDMI, deki ya Blu-ray ya miaka ya karibuni haikufai.

Sasa kusasisha kwenyewe. Geuza deki usome namba kamili ya modeli nyuma yake, pamoja na herufi za mwisho, kwa sababu modeli moja inaweza kuwa na faili tofauti kwa Ulaya na kwa Asia. Ingia kwenye menyu ya mipangilio, uandike toleo lililopo. Pakua faili kutoka tovuti ya mtengenezaji, si kwingineko, na ulitoe kwenye zipu ikiwa maelezo ya mtengenezaji yanasema hivyo. Liweke kwenye flashi ya FAT32 isiyo na kitu kingine, likae juu kabisa, nje ya folda zote isipokuwa maelezo hayo yakitaka folda, jina lake lisiguswe. Toa diski iliyomo. Kisha anza, na usiguse rimoti wala swichi mpaka deki imalize na kujizima au kujiwasha yenyewe.

Hatari iko katika dakika hizo chache. Deki inafuta programu yake ya zamani kwenye kumbukumbu na kuandika mpya juu yake. Umeme ukikatika katikati, baadhi ya deki hubaki hazina programu yoyote kamili, hivyo haziwaki tena. Deki ya Blu-ray inakula umeme kidogo, kwa kawaida chini ya taa moja ya zamani ya wati 60. UPS ndogo ya kompyuta au inveta ya sola inatosha kabisa kuilinda. Kwenye mtaa ambao umeme hukatika bila taarifa, mimi singesasisha bila kimojawapo.

Kuiacha deki kwenye intaneti ili ijisasishe yenyewe nako sikushauri. Juni 2020, deki na mifumo ya sauti ya Samsung katika nchi mbalimbali ilianza kujizima na kujiwasha bila kikomo. Uchambuzi uliochapishwa na tovuti ya The Register ulionyesha kwamba deki zilikuwa zimepakua faili dogo la maelekezo ya kukusanya taarifa za matumizi. Kila deki ilipowaka ililisoma, ikakwama, ikawaka upya kabla haijafikia hatua ya kupokea tiba kupitia intaneti. Samsung iliwatengenezea wateja bure, lakini ilibidi deki zisafirishwe. Waliokuwa wamechomoa waya wa mtandao waliendelea kutazama filamu zao.

Swali lililobaki ni sasisho litatolewa hadi lini. Oppo, iliyosifika kwa deki bora, ilitangaza kuacha kuzitengeneza Aprili 2018, ingawa iliahidi kuendelea kuwahudumia waliokwisha kununua. Mwaka 2019 Samsung ikasema haitaleta modeli mpya Marekani. Tovuti ikifungwa, faili linapotea nayo, kwa hiyo hifadhi faili la mwisho la modeli yako pamoja na risiti.

Uingereza, tangu 29 Aprili 2024, sheria inamtaka mtengenezaji wa kifaa cha kuunganishwa na intaneti atangaze ni kwa muda gani, angalau, atatoa masasisho ya usalama. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya kinga za diski, lakini mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, TBS na KEBS, ambayo tayari yanakagua vifaa vya umeme vinavyoingia nchini, yangeweza kudai tarehe ya namna hiyo iandikwe kwenye boksi la deki. Kwa sasa mnunuzi akague mwenyewe kabla ya kulipa: aitafute modeli kwenye tovuti ya mtengenezaji, aangalie sasisho la mwisho lilitoka mwaka gani. Kama ni la miaka mingi iliyopita, deki hiyo ailipie bei ya deki ya DVD.