Dalili ya mvua ni mawingu? Inategemea uko wapi Kongo

Methali hii inajulikana tangu Goma mpaka Lubumbashi: dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mtu wa Bukavu akifika Kinshasa mwezi wa saba atashangaa. Mbingu inafunikwa na mawingu asubuhi hadi jioni, wiki baada ya wiki, na hakuna tone linaloanguka. Pale, mawingu ya mwezi wa saba ni dalili ya kiangazi.

Mwezi huohuo, Lubumbashi mbingu ni safi kabisa, usiku ni baridi, na mvua bado iko mbali kwa miezi kadhaa.

Nchi ni moja, lakini mstari wa ikweta unaikata. Kisangani, karibu na mstari huo, hupata mvua karibu kila mwezi. Aru, kaskazini ya Ituri, hukauka kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili, wakati ambapo Lubumbashi mvua inanyesha kwa nguvu. Kwa hiyo msemo ulio kweli kwa babu wa kaskazini unaweza kuwa uongo kwa mjukuu aliyehamia kusini.

Miti ndiyo inasema

Katika Haut-Katanga, wazee hawangoji mawingu. Wanaangalia msitu. Mwezi wa tisa na wa kumi, joto likiwa kali na udongo ungali mkavu, miti ya miombo hutoa majani mapya mekundu, kabla mvua haijaanguka. Hiyo ni alama ya kutayarisha shamba. Kumbikumbi huja baadaye: wakiruka kwa wingi, mvua za kwanza zimekwisha kulowesha udongo.

Katika Kivu hesabu ni nyingine. Mvua hurudi mwezi wa tisa, na watu hupanda maharagi na mahindi. Mwezi wa pili wanapanda tena, kisha kiangazi kinaingia mwezi wa sita. Lugha zenyewe zinaonyesha tofauti hiyo. Kinyarwanda, ambacho husemwa pia Rutshuru na Masisi, kina majina manne ya majira: umuhindo, urugaryi, itumba na impeshyi. Mkulima wa Lubumbashi anahesabu mawili tu: mvua na kiangazi.

Kosa linalogharimu mwaka

Hapo ndipo maneno ya wazee yanagusa sahani ya bukari. Methali nyingine inasema mvua ya kwanza ni ya kupandia. Mkulima wa Kivu akiifuata mwezi wa tisa na jua likachoma mbegu, anapata hasara, lakini mwezi wa pili bado uko mbele yake. Mkulima wa Katanga ana msimu mmoja tu wa mahindi. Akipanda kwa mvua moja ya mwezi wa kumi, halafu mbingu ikafunga kwa wiki tatu, mbegu inakufa. Kama hana pesa za kununua nyingine, atangoja mwaka mzima.

Ndiyo maana wengi hawamwagi mbegu yote mara moja. Wanachimba kidogo kuona kama unyevu umeshuka chini, wanapanda sehemu ya shamba, na kubakiza mbegu nyingine nyumbani.

Kuna misemo isiyodai mbegu ya mtu. Jua likiwaka huku mvua inanyesha, watoto wengi wa Kongo huambiwa kwamba chui anazaa. Kwa Wakikuyu wa Kenya, anayezaa ni fisi. Kwa Wazulu wa Afrika Kusini, tumbili wanafunga ndoa. Mvua ni ileile, lakini kila mahali pana mnyama wake.

Wingu lililo juu ya mlima

Lakini kuna jambo ambalo methali ya mawingu haisemi: wingu la nani? Mwezi wa tano 2023, katika eneo la Kalehe, Kivu Kusini, mvua kubwa ilijaza mito inayoshuka kutoka milimani. Maji, matope na mawe vilifagia Bushushu na Nyamukubi, kando ya Ziwa Kivu. Watu zaidi ya 400 walikufa. Anayeishi chini ya mlima hawezi kutosheka na kuangalia wingu lililo juu ya paa lake. Hatari yake inaweza kuanzia kule juu, mahali asipopaona.

Hapo elimu ya wazee inahitaji msaada wa vipimo vya mvua, redio na simu: mtu wa juu ampigie wa chini kabla mto haujafika. Nchi ina shirika lake la hali ya hewa, Mettelsat, lakini tangazo la jimbo zima haliwezi kumwambia kila mkulima siku ya kupanda katika bonde lake. Kwa hiyo mzee anayejua miti ya kwao bado ana kazi. Anachopaswa kuulizwa kwanza ni swali dogo: alijifunza msemo wake wapi?