Kwamsisi Mbili na Kanda Isiyo na Utepe: Namna Nakala za Kumbukumbu za Ofisi Zinavyotunzwa

Mkoa wa Tanga una kata mbili ziitwazo Kwamsisi. Moja imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Handeni, kata ya vijiji na mashamba. Nyingine imo katika Mji wa Korogwe, kata ya mitaa. Karani anayeletewa barua yenye neno "Kwamsisi" pekee hana budi kuuliza: ya Handeni au ya Korogwe? Swali hilo dogo ni mlango wa kuingilia katika jambo ambalo wakazi wengi hawalioni, ingawa haki zao zimo ndani yake. Jambo lenyewe ni namna ofisi ya umma inavyotunza nakala za kumbukumbu zake katika kompyuta, na namna mtambo unavyobaini kipi ni marudio ya kingine na kipi kimefanana nacho kwa jina tu.

Malipo ya leseni na ushuru siku hizi hupita katika mfumo wa TAUSI, na taarifa za wagonjwa katika hospitali na vituo vingi vya afya vya umma huingizwa katika mfumo wa GoTHoMIS. Mifumo hiyo ya kitaifa ina watunzaji wake. Hata hivyo kila halmashauri hubaki na mzigo wake mwenyewe: mihtasari ya vikao, michoro ya barabara na madarasa, majalada ya watumishi yaliyopigwa picha, ramani za viwanja, na kumbukumbu za hati za hakimiliki za kimila zinazotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Radi ikipiga, paa likivuja juu ya seva, au programu hasidi ikifunga mafaili yote kisha wahalifu wakadai fedha ili kuyafungua, mkulima mwenye mgogoro wa mpaka atajua siku hiyo kama nakala ilikuwepo au haikuwepo.

Kwa miaka mingi nakala hizo ziliwekwa katika kanda za sumaku. Kampuni ya IBM ilianza kuuza mashine zake za kanda za kompyuta mwaka 1952, na hadi leo kanda zinatengenezwa, kwa kuwa ni rahisi kwa bei na hazitumii umeme zikiwa kabatini. Udhaifu wake unafahamika kwa yeyote aliyewahi kumiliki redio ya kaseti. Kanda hukwama, huharibiwa na joto, unyevu na vumbi, na kupata wimbo ulio katikati hulazimu kuizungusha hadi ufike.

Mwaka 1997 IBM hiyo hiyo ilileta seva ya kanda pepe. Ndani ya mtambo wa namna hiyo mna diski, lakini kwa programu ya nakala rudufu mtambo hujionyesha kama kabati la kanda lenye visomaji, nafasi za kupangia na namba ya utambulisho ya kila kanda. Programu huagiza kanda fulani ipakiwe, huandika, kisha huagiza itolewe. Hakuna kitu kinachosogea. Aliyeona mashine ikidanganywa na mashine nyingine atacheka, ila faida ni ya kweli: ofisi iliyozoea taratibu za kanda huendelea nazo, huku ikipata kasi ya diski.

Diski, hata hivyo, hujaa. Hapo ndipo uondoaji wa marudio unapohitajika.

Tuseme ofisi ina kumbukumbu za gigabaiti 200, na kila siku zinabadilika gigabaiti 2 tu. Ikichukua nakala kamili kila usiku kwa siku 30, itahitaji nafasi ya gigabaiti 6,000. Lakini sehemu kubwa ya nakala ya leo ni ile ile ya jana. Mtambo wa kuondoa marudio huikata data katika vipande vidogo, hukokotoa alama ya kila kipande, kisha hutazama katika faharasa yake kama alama hiyo imewahi kuonekana. Ikiwa ipo, kipande hakiandikwi tena. Huwekwa kielekezi tu cha kuonyesha kilipo. Kwa hesabu hiyo nakala za siku 30 zitachukua gigabaiti 200 za mwanzo na 2 kwa kila siku 29 zilizofuata, yaani 258. Mfano huu ni mwepesi kuliko hali halisi, lakini unaonyesha kwa nini ofisi ndogo inaweza kutunza mwezi mzima katika diski ambayo isingetosha nakala mbili kamili.

Alama hiyo ni kama alama ya kidole inayochukuliwa wakati wa kuandikishwa kitambulisho cha taifa. Watu wawili wenye jina moja hawachanganywi, kwa sababu vidole vyao havifanani. Vivyo hivyo mtambo hauulizi faili linaitwaje. Mafaili mawili yaitwayo "Muhtasari wa Kwamsisi", moja la Handeni na jingine la Korogwe, yatatunzwa yote mawili, kwa kuwa yaliyomo ni tofauti. Faili moja lililohifadhiwa mara tatu kwa majina matatu litatunzwa mara moja. Katika hili mtambo ni makini kuliko karani aliyechoka.

Umakini huo huharibika kwa urahisi pale mipangilio inapofanywa kwa mazoea ya kanda za zamani. Programu nyingi za nakala rudufu huweza kuibana data kabla ya kuituma, na kwa kanda halisi hilo lilikuwa jema. Kwa mtambo wa kuondoa marudio ni hasara: badiliko dogo mwanzoni mwa faili huweza kubadili sura ya yote yanayofuata, na vipande vilivyokuwa vile vile huonekana vipya. Kubana kunapaswa kuzimwa katika programu, mtambo wenyewe ubane baada ya kuondoa marudio. Kusimba data kuna tatizo hilo hilo, tena kubwa zaidi, kwa maana data ile ile ikisimbwa mara mbili hutoka na sura mbili. Lakini data za wananchi haziachwi wazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Jibu ni kuusimba mwisho, ndani ya mtambo, kisha ufunguo wake utunzwe mahali pengine. Ufunguo ulioachwa katika seva ile ile ni kufuli lililoning'inizwa pamoja na ufunguo wake mlangoni.

Mazoea mengine ya zamani ni kuchanganya mikondo ya data kutoka seva kadhaa katika kanda moja, ili kisomaji kisisimame kungoja. Kanda pepe haina cha kungoja. Mikondo ikichanganywa mpangilio wa vipande huvurugika kila usiku, na marudio hayatambuliki. Kila kazi iandikwe peke yake, katika visomaji pepe vya kutosha.

Ukubwa wa kanda nao una maana, na hapa ndipo mafundi wengi huteleza. Kanda pepe huachiliwa yote kwa pamoja. Ikiwa ndani yake mna kazi tisa zilizokwisha muda na moja ambayo bado, yote kumi yataendelea kushika nafasi. Ndiyo sababu ni afadhali kanda nyingi za gigabaiti 50 au 100 kuliko chache kubwa mno, na ni afadhali zaidi kutochanganya katika kanda moja kumbukumbu za kutunzwa wiki mbili na za kutunzwa miaka saba. Kuna jambo jingine linalowashangaza wengi: kanda ikifika mwisho wa muda wake, programu huihesabu kuwa tupu, ilhali mtambo bado unaiona imejaa. Nafasi hairudi mpaka kanda ifutwe au iandikwe upya, kisha kazi ya usafi ya mtambo ipite na kuondoa vipande visivyoelekezwa na yeyote. Usafi huo hupangwa mara kwa mara, kwa kawaida kila wiki, katika saa ambazo nakala hazichukuliwi. Asiyeupanga ataona diski imejaa, na nakala za usiku huo hazitachukuliwa.

Uondoaji wa marudio una gharama yake pia. Kipande kimoja huweza kutegemewa na nakala za siku 30. Kikiharibika, zote 30 zimeguswa. Nakala nyingi katika diski moja zinaweza kumpa mtu amani asiyostahili kuwa nayo. Lazima kuwe na mtambo wa pili, katika jengo jingine na ikiwezekana mji mwingine, na nakala moja iliyofungwa isifutike hata kwa nywila ya msimamizi, kwa kuwa wahalifu wa mtandaoni mara nyingi huanza kwa kufuta nakala.

Kwa maeneo yenye intaneti nyembamba, mtambo huo huo huleta nafuu. Kupeleka gigabaiti 200 kwa njia ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua takriban saa 44. Kupeleka vipande vipya vya gigabaiti 2 huchukua kama dakika 27. Kazi hiyo humalizika kabla ofisi hazijafunguliwa. Hata hivyo nakala ya mbali haitoshi yenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti Tanzania na nchi jirani, na siku kama hiyo ofisi hutegemea nakala iliyo chini ya paa lake.

Yote haya hayathibitiki mpaka data irejeshwe. Februari 2011 hitilafu ya programu iliwafutia barua baadhi ya watumiaji wa Gmail, na ikagusa hata nakala zilizokuwa katika vituo kadhaa vya data. Google ilizirejesha kutoka katika kanda halisi zilizokuwa nje ya mtandao. Zilisomeka, na kazi ikachukua siku kadhaa.

Kwa kata kama Kwamsisi, jaribio la maana halihitaji mtaalamu kutoka mbali. Huchaguliwa faili moja la zamani, kwa mfano kumbukumbu ya hati ya kimila ya miaka mitatu iliyopita, ambayo karatasi yake ipo masjala. Hurejeshwa katika kompyuta nyingine, kamwe si juu ya ile ya asili. Mtu wa pili huisoma mstari kwa mstari akiilinganisha na karatasi: jina la mmiliki, mipaka, tarehe, na kata ya wilaya gani. Muda uliotumika huandikwa. Mkazi akisimama katika mkutano wa kijiji au mtaa kuuliza jaribio la mwisho lilifanyika lini na lilichukua saa ngapi, anauliza swali ambalo mtendaji anaweza kulipeleka halmashauri kwa maandishi, na ambalo majibu yake ni tarehe na saa.