Canon SX70 au Nikon P950: Dola 250 za Ziada Zinanunua Nini?

Faru wa Ngorongoro hajali umetoka mbali kiasi gani wala umelipa nini getini. Akiamua kujilaza kwenye nyasi mita 500 kutoka barabarani, atalala huko huko, na dereva haruhusiwi kuiacha njia ili amfuate. Abiria watanyoosha simu zao. Simu yenye lenzi ya kuvuta mara tano itamwonyesha faru huyo kama doa jeusi kwenye uwanda wenye upana wa mita 140 hivi, na jioni watu watakuwa wanabishana kama lile lilikuwa faru au jiwe.

Hapo ndipo hamu ya kamera ya zumu ndefu huanzia. Lenzi za wapigapicha wa kulipwa hazisemeki: Canon RF 600mm f/4 ilitangazwa mwaka 2021 kwa dola 12,999, bila kamera, na ina uzito wa kilo tatu na kitu. Kwa mtu wa kawaida lililobaki ni kamera ya kipande kimoja, lenzi haibanduki, zumu kubwa, sensa ndogo. Katika kundi hilo nimechagua mbili za kulinganisha. Canon PowerShot SX70 HS ilitoka mwaka 2018 ikiuzwa dola 549.99 huko Marekani. Nikon Coolpix P950 ilifuata mwaka 2020 kwa dola 799.95. Bei zimepanda na kushuka tangu wakati huo, lakini kwa bei hizo za mwanzo pengo ni karibu dola 250, yaani ukichukua Nikon unalipa bei ya Canon na karibu nusu yake tena juu.

Wanunuzi wengi hukimbilia namba iliyochapishwa kwenye boksi. Canon inavuta mara 65, kuanzia milimita 21 hadi 1365 kwa kipimo cha kamera za filamu. Nikon inavuta mara 83, kuanzia 24 hadi 2000. Kwa hesabu ya duka, mambo yamekwisha. Lakini hiyo "mara" ni uwiano tu wa mwisho wa lenzi na mwanzo wake, haisemi mnyama ataonekana mkubwa kiasi gani. Canon inaanzia mbali zaidi upande wa picha pana, na hiyo ni faida yake: ndani ya gari, chumbani, au unapopiga ukoo mzima harusini, milimita 21 zinaingiza watu ambao 24 zingewaacha nje ya fremu.

Tumrudie faru wetu. Kwa umbali wa mita 500, zumu ikiwa mwisho, fremu ya Canon ina upana wa mita 12 na nusu hivi. Ya Nikon ina mita kama 8 na nusu. Faru mweusi ana urefu wa mita tatu na ushee, kwa hiyo kwenye Canon atachukua robo ya upana wa picha, kwenye Nikon zaidi ya theluthi. Zote mbili zinakupa faru anayetambulika. Tofauti ipo, ila si ya usiku na mchana. Kwa ndege, inauma zaidi: chozi wa sentimita 12 aliye juu ya ua mita 20 kutoka ulipo atachukua theluthi ya fremu ya Nikon na robo tu ya Canon, na mpenda ndege anataka kuhesabu hata manyoya ya kidevuni.

Muuzaji mjanja atakwambia: chukua Canon, ina megapikseli 20 na Nikon ina 16, ukirudi nyumbani utaikata picha na kupata ukaribu uleule. Hesabu yake haisimami. Ukiikata picha ya Canon hadi ilingane na fremu ya Nikon, zinabaki megapikseli tisa na nusu. Na hata hizo tisa hazijajaa. Sensa za kamera zote mbili ni za aina ya inchi 1/2.3, upana wa milimita 6.2 hivi, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na kila pikseli ina upana wa zaidi kidogo ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Zumu ikifika mwisho, tundu la lenzi hubaki f/6.5 kwenye kamera zote mbili, na kwa tundu hilo mwanga wenyewe hutawanyika: nukta moja ya mwanga huangukia pikseli sita au saba kwa upana. Kuongeza pikseli juu ya mtawanyiko huo ni kuongeza ukubwa wa faili.

Kinachoamua ni upana halisi wa tundu la kuingizia mwanga. Lenzi ya Canon, ikivutwa hadi mwisho, ina tundu la milimita 38 hivi. Ya Nikon ina 55. Tundu pana hutenganisha vitu vidogo vilivyo mbali vizuri zaidi, na hakuna programu inayoweza kurudisha kilichopotea hapo. Basi jibu la swali la kichwa cha habari ni hili: dola 250 zinanunua kioo. Hazinunui sensa bora, maana ukubwa wa sensa ni uleule, na mwanga ukipungua kamera zote mbili huanza kutoa picha zenye chembechembe. Mtu anayepiga sherehe za usiku asipoteze muda na yoyote kati ya hizi.

Sasa kuna jambo ambalo halimo kwenye boksi wala kwenye tangazo, nalo ni hewa. Jua likishapanda, ardhi huota moto na hewa iliyo juu yake huanza kucheza. Ni mazigazi yaleyale yanayokuonyesha maji kwenye lami ya Dodoma. Lenzi ya milimita 2000 huyakuza kama inavyomkuza faru. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, kwenye uwanda mkavu, mnyama aliye mita 500 atatoka kama amechorwa kwenye maji, iwe umeshika Canon, Nikon au ile lenzi ya dola 12,999. Asubuhi na mapema, hewa ikiwa bado imetulia, ndipo kioo cha ziada kinapolipa gharama yake. Msafiri anayeamkia chai ya saa mbili na kuingia hifadhini jua limeshawaka amelipia sentimita za kioo asizoweza kuzitumia.

Uzito nao una neno. Canon ina gramu 610 hivi, Nikon kilo moja na gramu tano. Kwenye karatasi ni tofauti ndogo. Shingoni, siku nzima, si ndogo, na kamera nzito huishia kuachwa hotelini. Zote zina kidhibiti cha mtikisiko kinachofanya kazi vizuri ajabu, hata hivyo kwa milimita 2000 pumzi yako tu inatosha kumtoa ndege kwenye fremu. Egemeza kwenye ukingo wa dirisha la gari, juu ya kifuko cha mchele, na mwambie dereva azime injini. Kwa kumtafuta mnyama aliyepotea kwenye fremu, kila kampuni imeweka kitufe cha kurudisha zumu nyuma kwa muda kisha kuipeleka tena mbele. Jizoeze nacho kabla ya safari. Nikon imeongeza kwenye gurudumu lake hali maalumu ya ndege na nyingine ya mwezi. Hiyo ya mwezi si mbwembwe: kwenye Nikon mwezi mpevu hujaza zaidi ya theluthi mbili za kimo cha picha, kwenye Canon nusu. Kwa ndege anayeruka, usitegemee miujiza. Ulengaji wa kamera hizi ni wa polepole kwa kipanga anayeshuka.

Umeme. Canon hupata picha 325 hivi kwa chaji moja, Nikon kama 290, na kwa sababu kuvuta zumu kunakula betri, andaa betri ya pili kwa kamera yoyote utakayochagua. Canon huja na chaja yake ya ukutani. Nikon huchajiwa betri ikiwa ndani, kwa waya wa USB, jambo linalomfaa mtu anayelala kambini na kuchaji kwenye gari au benki ya umeme.

Vumbi ni adui wa zote mbili. Kwa kuwa lenzi haibanduki, wengi hudhani vumbi haliwezi kuingia. Lakini lenzi inayotoka na kurudi huvuta hewa kila inaposogea, na hakuna kati ya hizi iliyozibwa dhidi ya vumbi au mvua. Likishaingia ndani, kulitoa ni kuifungua kamera nzima kwa fundi. Gari lingine likipita, rudisha zumu na uifunike kamera kwa kanga. Kwa sababu hiyo pia ninasita kumshauri mtu anunue iliyotumika bila kuipiga angani kwanza: elekeza mbinguni, vuta zumu hadi mwisho, piga, kisha tafuta madoa kwenye ule ubuluu.

Kuhusu bei ya hapa nyumbani, ongeza kichwani mwako usafiri, ushuru na VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya. Wanaoagizia Dubai hukuta bei nafuu, ila waulize swali moja kabla ya kutuma pesa: waranti hii itafanya kazi Dar au Nairobi, na ni nani ataipokea kamera ikigoma? Jibu liwe kwa maandishi. Na hizi si kamera mpya tena, kwa hiyo mwenye duka anayekuuzia kwa bei ya siku ilipotoka anastahili kubishiwa.

Wapo watakaouliza habari za Nikon P1000, yenye milimita 3000. Ina kilo 1.4, ilianza kwa dola 999.95, na tundu lake hubana hadi f/8. Kwa mwezi ni starehe. Kwa safari ni mzigo.

Uamuzi wangu: kama wewe ni mwongoza watalii, mpenda ndege, au mtu ambaye kila mwezi huamka alfajiri kwa ajili ya wanyama, lipa hizo dola 250 na uchukue P950, utazitumia. Kama unakwenda Serengeti mara moja na familia, na kamera itarudi kupiga watoto na harusi, SX70 inakutosha. Pesa iliyobaki inunue betri ya pili na memori kadi ya maana. Na kabla hujalipia kamera yoyote, nenda dukani na kadi yako mwenyewe, toka nje, piga kibao cha duka lililo mwisho wa mtaa kwa zumu yote, kisha ukaitazame picha kwenye kompyuta.