Ukiipenda bendi leo, usingoje mwakani

Unajua ile hali. Ni saa nne usiku hapa Myanga, mvua imekatika, stima imerudi, na bando lako limebaki kidogo tu. Unapitisha video moja baada ya nyingine kwa kidole bila hata kuangalia. Mara inatokea moja: jamaa wa afro kubwa, kitambaa kimefungwa kwenye paji la uso, anatembea kama barabara yote ni ya babake. Wahuni wanaanguka mmoja mmoja. Na chini ya vituko hivyo kuna mdundo ambao hujawahi kuusikia kwenye matatu yoyote. Unarudia. Unarudia tena. Bando linakwisha.

Pole, lakini pia hongera. Umekutana na Just a Band.

Usione aibu kwamba umechelewa. Wimbo huo unaitwa Ha-He, na video yake ilitoka 2010. Huyo jamaa ni Makmende, jina ambalo watoto wa mitaa ya Nairobi walikuwa wakimpa yeyote anayejifanya shujaa wa sinema. Wakenya waliichukua video hiyo wakaichezea mtandaoni: vichekesho, picha za kubandika, mpaka CNN ikaitangaza. Siku hizi mambo kusambaa hivyo ni kawaida. Wakati ule ilikuwa ajabu.

Lakini usiishie kwa Makmende. Wengi waliishia hapo, na hasara ni yao.

Bendi hii ilianza 2003 katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Walikuwa wanafunzi tu: Bill Sellanga, ambaye leo unamjua kama Blinky Bill, pamoja na Mbithi Masya, Daniel Muli na Jim Chuchu. Walitengeneza muziki wao wenyewe kwa kompyuta, wakachora katuni za video zao wenyewe, wakashika kamera wenyewe. Albamu ya kwanza, Scratch to Reveal, ilitoka 2008. Mwaka uliofuata wakatoa 82. Hiyo ndiyo maana ya bendi huru: hakuna tajiri anayekuambia uimbe nini, na pia hakuna tajiri wa kukulipia studio.

Sasa utajiuliza, mbona ngoma hizi zinanishika hivi, na mimi nimelelewa Bungoma? Hebu fikiria masikio yako yametoka wapi. Rumba kutoka redio ya kinyozi. Litungu kwenye harusi. Chinyimba zikilia Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili, kijana akizunguka kualika jamaa zake. Sikio lililokua na chinyimba haliwezi kuogopa mdundo unaojirudia. Na wale vijana hawakuficha kwao: wanachanganya Kiingereza na Kiswahili, na wimbo wao mmoja, Iwinyo Piny, una jina la Kijaluo. Ni muziki wa disko, ndio, lakini umetoka hapa hapa.

Haya, sasa umenasa. Umesikiza albamu ya tatu, Sorry for the Delay ya 2012, umeimaliza, na unataka kujua watapiga shoo wapi Desemba. Hapo ndipo roho inauma kidogo. Chuchu aliondoka kitambo akaingia kwenye filamu. Masya naye aliongoza filamu ya Kati Kati, iliyotoka 2016. Blinky Bill alitoa albamu yake mwenyewe 2018. Kila mmoja alifika mbali, lakini ile meza waliyokalia pamoja imebaki wazi.

Si wao pekee. Sauti Sol, walioanza 2005, walipiga shoo za kuagana jijini Nairobi Novemba 2023 kisha wakapumzika kama kundi. Wangapi walikuwa wakisema kila mwaka, "nitawaona mwakani"? Pengine hata wewe.

Bendi si mlima Elgon, kwamba ukiamka utaukuta pale pale. Bendi ni watu wanne wenye kodi ya nyumba, wazazi wanaouliza "kazi utapata lini," na kinanda cha kuazima. Wakikosa watu wa kuwasikiza mapema, wanaachana kimya kimya, na hutasikia habari zao tena.

Kwa hivyo kuna kitu unaweza kufanya, na hakihitaji uwe na pesa nyingi. Sasa hivi, Kitale au Kanduyi, kuna wasee watatu wanaofanya mazoezi nyuma ya kanisa baada ya ibada, na video yao imetazamwa na marafiki zao tu. Isikize mpaka mwisho. Weka wimbo wao Skiza ikiwa upo, maana msanii hupata mgao wake. Wakipiga shoo ya mia mbili, lipa. Usiombe kuingia bure eti mlisoma pamoja. Wakikosea, waambie ana kwa ana, si kwa matusi mtandaoni.

Na kesho ukinunua bando, rudi kwa Just a Band. Anza na wimbo wa kwanza wa albamu ya kwanza, uende moja kwa moja mpaka wa mwisho. Kisha mpe jirani yako kwenye matatu sikio moja la earphone.